Kwa Nini Mpakani Wanapenda Oili Nzito

Ukitaka kujua mtu wa mpakani anavyopima oili, mtazame vidole. Anadondosha tone moja kati ya kidole gumba na cha shahada, anasugua, anaviachanisha taratibu, kisha anaangalia uzi unaobaki katikati. Uzi ukivutika, hiyo ni oili. Ukikatika upesi, ni maji yaliyotiwa rangi. Kipimo hicho utakikuta Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, utakikuta Malaba na Tororo mjini, na utakikuta kwa kijana wa bodaboda anayerudi Sop Sop, wilayani Tororo, jioni na chupa ndogo ya oili mfukoni. Hakuna chuo kilichokifundisha. Kinarithiwa gereji, kama spana.

Lugha nayo inakiunga mkono. Kiswahili cha gereji hakisemi oili ina mnato mkubwa. Kinasema ni nzito, neno lile lile la uji, na sote tunajua uji upi una shibe. Mwambie dereva wa Toyota Probox kwamba gari lake linataka oili inayomiminika kama maji ya mchele, atakuona umetumwa uje umuulie injini. Ndiyo maana duka la spea hata likiishiwa na vingine, 20W-50 haikosekani, na kopo la namba 40 tupu, lisilo na W yoyote, bado lina wateja wake. Huku kifuniko cha tundu la kutilia oili, ukikifuta vumbi, kimeandikwa 5W-30 au 0W-20.

Nitasema mapema ninakoelekea. Kupanda ngazi moja juu ya namba ya kiwandani, kwa magari yetu na kazi tunazoyapa, ni jambo lenye akili. Kupanda ngazi tatu mara nyingi ni kufunika kidonda. Na kile kipimo cha vidole kinachoendesha biashara yote hii kinapima kitu ambacho ni rahisi kuliko vyote kughushi.

Namba za kwenye kopo zilianza mwaka 1911, zilipopangwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Ile ya nyuma, yaani 30, 40 au 50, inaeleza mnato wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Ile ya mbele yenye W, herufi iliyotoka kwenye jina la Kiingereza la majira ya baridi, inaeleza inavyojiendesha ikiwa imepoa. Kwa nyuzi 100, namba 30 inapaswa kuwa kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, namba 40 kati ya 12.5 na 16.3, namba 50 kati ya 16.3 na 21.9. Ngazi hizo hazipishani sana. Kinachopisha oili kwa kiasi cha kutisha ni joto lenyewe. 5W-30 ya kawaida, asubuhi ya Busia yenye nyuzi 18, ina mnato unaokaribia mara kumi ya 20W-50 iliyokwisha kupata moto barabarani. Soma tena sentensi hiyo ukitaka, maana ndiyo inayovunja hoja nyingi za gereji: oili "nyepesi", ikiwa baridi, ni nzito mara nyingi kuliko oili "nzito" ikiwa kazini. Vidole vinapima oili ya asubuhi. Injini inaishi na oili ya safari.

Kazi ya oili yenyewe ilieleweka kwa bahati. Mwaka 1883 huko Uingereza, Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za ekseli za reli. Juu ya beringi moja kulitobolewa tundu la kutilia oili. Ekseli ilipozungushwa, oili ikapanda na kumwagika kupitia tundu hilo. Akaliziba kwa kizibo. Kizibo kikasukumwa nje. Miaka mitatu baadaye Osborne Reynolds akatoa hesabu yake: chuma kinachozunguka kinajivutia oili chini yake na kujijengea utando wenye nguvu ya kubeba mzigo mzima, chuma kisiguse chuma. Pampu ya injini kazi yake ni kufikisha oili tu. Kinachobeba krenkishafti ni ule utando. Na nafasi unamojengeka, kwenye injini ndogo ya Toyota, ni nyembamba kuliko unywele wako.

Kutoka hapo unaona kosa la kwanza linalofanyika kila siku. Dereva akibadilisha kutoka 30 kwenda 50, geji ya presha inapanda, naye anafurahi: injini imepata nguvu. Presha ni ukinzani. Kanyaga mpira wa kumwagilia bustani, presha ndani itapanda, na maji yatakayofika kwenye mchicha yatapungua. Oili nzito mno inafika beringi ikiwa pungufu na kwa kuchelewa, na kwa kuwa ndiyo inayotakiwa kuondoa joto pale, joto linabaki. Asubuhi, kabla injini haijapata moto, presha inaweza kuzidi hadi vali ya filta ifunguke na oili ipite pembeni bila kuchujwa. Dakika hizo za kwanza ndizo injini inapolika zaidi, na kwa teksi ya mjini inayozimwa na kuwashwa kutwa, dakika za kwanza ni nyingi.

Basi kwa nini kiwanda kinashauri oili nyepesi? Hapa mafundi wetu wana neno, na ni la kweli kwa kiasi chake: kiwanda hakifikirii injini peke yake. Baada ya nchi za Kiarabu kuinyima mafuta mwaka 1973, Marekani ilitunga mwaka 1975 sheria ya kulazimisha magari mapya yatumie petroli kidogo, na Japani ikawa na kanuni zake. Tangu hapo kila tone limehesabiwa. Oili nyepesi inapunguza nguvu inayopotea kwenye msuguano, basi namba zikashuka: 10W-30, 5W-30, 0W-20. SAE ikaongeza namba 16 mwaka 2013, kisha 12 na 8 mwaka 2015. Serikali ya Marekani inakadiria kuwa kutumia namba iliyopendekezwa badala ya nyingine kunaokoa petroli asilimia 1 hadi 2. Kwa dereva mmoja ni kidogo. Kwa kiwanda kinachouza magari milioni, ni faini au kutopigwa faini.

Ushahidi mzuri zaidi wa gereji unatoka kwa Toyota wenyewe. Vitabu vyao vya masoko ya nje vilikuwa na chati ya joto inayoruhusu, kwa injini za aina zile zile, 15W-40 na hata 20W-50 katika nchi za joto. Vitabu vyao vingi vinasema pia kwamba oili yenye namba kubwa zaidi inaweza kufaa gari likienda kasi au likibeba mzigo mzito. Yaani "mtengenezaji amesema" ni kauli yenye swali ndani yake: amesema wapi, na kwa nani?

Kwetu swali hilo lina jibu la kuchekesha. Magari yetu hayakuuzwa kwetu. Kenya inakataa gari lililozidi miaka 8, kwa kiwango chake cha KS 1515 cha mwaka 2000. Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 ilifunga mlango kwa yaliyotimiza miaka 15. Katikati ya namba hizo mbili kuna mto wa Probox, Fielder, Premio, Wish na Noah, yote yakiwa yameshatumikia Japani. Kitabu, kama kimo ndani ya droo ya dashibodi, kimeandikwa Kijapani. Kilimfikiria mtu wa Sapporo anayewasha gari kwenye theluji akaenda dukani peke yake. Hakikumfikiria dereva wa Busia mwenye abiria saba ndani ya gari la watano, magunia ya mahindi juu, na bonde lenye matope mbele yake.

Hivyo hoja ya kupanda ngazi ina miguu, lakini si ile inayotajwa sana. Wengi wanasema ni joto la nchi. Busia mchana hufika nyuzi 30 hivi, nami sioni kama ni kitu kikubwa, kwa kuwa thamostati inashikilia maji ya injini karibu na nyuzi 85 uwe Busia au Berlin. Kinachochemsha oili ni mzigo, mwendo na mlima. Gari lililotoka Malaba kwenda Nakuru linapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, kutoka mita kama 1,200. Kwenye kazi ya namna hiyo kuna kipimo kingine cha SAE kinachosema zaidi kuliko vidole: uimara wa utando oili ikiwa na nyuzi 150 na kuminywa vikali. Namba 20 inatakiwa ifike milipaskali-sekunde 2.6, namba 30 ifike 2.9, na 15W-40 ifike 3.7. Viwanda vya Ulaya kwa miaka mingi vilidai angalau 3.5 kwa injini zao za barabara za kasi. Kwa Probox inayobeba kama lori, tofauti hiyo ni akiba ya kweli.

Sababu ya pili ni ya mpakani hasa, na haiandikwi kwenye kitabu chochote cha Toyota: petroli yenyewe. Pale bei inapotofautiana hatua chache kutoka hapa hadi pale, madumu huvuka, na madumu hayana cheti. Kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli kulikuwa kumezoeleka kiasi kwamba Kenya, Septemba 2018, iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili biashara hiyo isilipe. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi kama petroli. Yanatambaa kwenye kuta za silinda, yanaosha utando wa oili, yanapita kando ya ringi na kushukia sampu. Ukitia 30 leo, baada ya wiki kadhaa una kitu chepesi kuliko 30. Injini za D4 za Toyota, zile zinazopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda na ambazo mafundi wengi huzikimbia, zina tabia hiyo hata kwa petroli safi. Anayeanza na 40 kwa kujua kwamba itashuka anafanya hesabu, hata kama hajui kuiandika.

Sababu ya tatu ni foleni. Januari 2022, Uganda ilipodai madereva wote wapimwe korona mpakani, malori yalijipanga Malaba na Busia kwa kilomita nyingi, na bei ya petroli upande wa Uganda ikaruka. Injini inayosogea hatua moja kwa saa inazunguka bila kuandika kilomita. Oili inazeeka kwa saa za kazi, nasi tunaihesabu kwa kilomita. Malori hayo kwa kawaida hutumia 15W-40 kwa ushauri wa viwanda vyenyewe, kwa hiyo namba haikuwa tatizo lao. Tatizo lilikuwa saa. Nimewasikia madereva wakisema oili nzito "inavumilia" foleni. Haivumilii zaidi. Dawa ya foleni ni kubadilisha mapema.

Sasa upande wa kidonda. Injini iliyochoka ina ringi zilizolegea na beringi zilizopanuka, inakula oili, inatoa moshi wa buluu, inagonga ikiwa moto. Tia 50, ugonjwa unapungua sauti. Oili nzito haipiti upesi kwenye ringi, inaziba pengo la beringi, taa ya oili inaacha kumetameta. Kwa mwenye gari asiye na pesa za ovaholi hiyo ni nafuu halali, na simlaumu: ananunua miezi, na miezi ina thamani. Injini za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo, zilizofungwa kwenye Corolla na baadaye ndugu zake kwenye Wish, zilijulikana duniani kote kwa kula oili kwa sababu ya matundu machache ya kurudishia oili kwenye pistoni. Hakuna namba ya kopo inayotoboa tundu. Lakini lita mbili zisizoungua kila mwezi ni pesa.

Kidonda kinakuwa uovu siku ya kuuza. Oili nzito ni poda ya usoni ya soko la magari yaliyotumika. Mnunuzi anakuja mchana, injini imetulia, moshi hakuna. Anavuka na gari lake, anafika kwake, na baada ya oili ya kwanza aliyotia yeye mwenyewe, moshi unamsalimia. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huomba kuliona gari alfajiri, likiwa halijawashwa, na huchomoa kijiti cha oili kabla ya kuuliza bei. Oili ikining'inia kwenye kijiti kama asali, maswali yanaanza.

Na kuna magari ambayo ngazi tatu zinayaumiza hata yakiwa mazima. Mfumo wa VVT-i, uliomo kwenye injini ya 1NZ-FE ya Probox, unageuza mpangilio wa vali kwa nguvu ya oili inayopita kwenye vitundu vidogo. Oili ikiwa nzito mno, unaitika kwa kuchelewa. Gari linakuwa zito kuondoka na kompyuta inawasha taa. Fundi anabadilisha sensa. Petroli nayo inapotea. Chukua teksi inayokunywa lita 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Asilimia 2 tu ni lita 5 na ushee. Kwa bei ya shilingi 180 za Kenya kwa lita, ni zaidi ya 900 kila mwezi, na mtu aliyeruka kutoka 0W-20 hadi 50 hapotezi asilimia 2 tu.

Ninadhani tabia hii ina mzazi ambaye hatajwi: pikipiki. Neno bodaboda lilizaliwa hapa hapa, kwa baiskeli zilizovusha watu Busia kutoka forodha hadi forodha miaka ya 1960. Pikipiki zikazirithi, na Boxer ya Bajaj, iliyojaza barabara za vumbi za Uganda mashariki, kiwanda chake chenyewe kinataka 20W-50. Hapo gereji na kitabu vinasema kitu kimoja. Ina sababu: oili hiyo moja, kama lita tu, inalainisha injini, gia na klachi kwa pamoja, na meno ya gia yanaisaga hadi inashuka ngazi kabla ya wakati. Vijana wanaojifunza ufundi huanzia kwenye Boxer. Wakihamia Probox, mkono unahama na kopo. Makosa ya upande wa pili yapo pia: mwenye Boxer akitia oili nyepesi ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza, kwa kuwa klachi hiyo imelowa ndani ya oili hiyo hiyo. Kiwango cha Kijapani cha JASO MA kiliwekwa kwa ajili hiyo, na herufi hizo zimeandikwa nyuma ya kopo ambako hakuna anayesoma.

Narudi kwenye vidole, maana hapo ndipo hela inapopotelea. Ndani ya oili nzuri kuna sabuni ya kusafisha masizi, kuna dawa ya kuua asidi, kuna viungo vya kulinda chuma pale utando unapokatika. Hakuna hata kimoja kinachoshikika mkononi. Kinachoshikika ni mnato, na mnato ni rahisi: chukua oili hafifu, iongezee mafuta mazito ya mabaki au plastiki ya kunenepesha, uzi utavutika hadi kwenye kiwiko. Oili chafu iliyochujwa na kupakiwa upya kwenye kopo zuri inapita mtihani wa vidole bila wasiwasi. 5W-30 halisi, yenye sifa zote, inafeli. Soko linalopima kwa vidole linamwadhibu muuzaji mwaminifu na kumlipa mwongo. Ukiniuliza hatari ya mpakani iko wapi, sitataja 40 dhidi ya 30. Nitataja kopo lenye kifuniko kilichofunguliwa mara mbili.

Kwa Probox au Fielder iliyotembea sana na inayobeba, ningetia 5W-40 au 10W-40 yenye alama ya API, taasisi ya petroli ya Marekani, na 15W-40 ikiwa ndiyo iliyopo ya uhakika, nikabadilisha kila kilomita 5,000 na mapema zaidi kama petroli ni ya dumu. Kwa gari jipya kidogo lisilokula oili, namba ya kiwandani. Kwa haibridi kama Aqua nisingepanda hata nusu ngazi: injini yake inazimika na kuwaka yenyewe mara nyingi ndani ya safari moja, na kila inapowaka inataka oili iwe imeshafika.

Aqua na wenzake mara nyingi hufika na kibandiko kidogo kwenye ubavu wa mlango, kilichobandikwa na gereji ya Japani siku ya mwisho ya kubadilisha oili. Maneno ni ya Kijapani na mwaka huweza kuandikwa kwa hesabu ya wafalme wao, kama Heisei 30, yaani 2018. Lakini tarakimu ni zile zile tulizojifunza shuleni: 0W-20, na pembeni yake kilomita ambazo gari lilikuwa limetembea hadi siku hiyo. Kilomita hizo wakati mwingine huzidi zile zinazosomeka leo kwenye dashibodi. Muuzaji mjanja hukibandua kabla gari halijaoshwa, na namba ya oili huondoka pamoja nacho.